Lori Lililolala Haliamshwi kwa Kamba

(Mazungumzo na vijana wa jumuiya baada ya swala ya Alasiri, siku za mwanzo za mfungo. Yameandikwa hapa karibu kama yalivyosemwa, kwa faida ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Vijana wangu, na nyinyi wazazi mliokaa kule nyuma, nawashukuru kwa kunialika. Nilipoambiwa nije nizungumze niliuliza, "Mimi fundi wa malori nina lipi la kusema mbele ya watu waliosoma?" Nikajibiwa, "Tupe unachokijua." Basi ninachokijua mimi ni oili, spana na injini za dizeli. Leo nitazungumza juu ya jambo moja tu: lori la zamani lililokaa miaka bila kuwashwa, wapiga stata, injini haizunguki. Ufanye nini, na usifanye nini.

Usidhani jambo hili halikuhusu. Pita mtaani kwenu uhesabu. Nyuma ya nyumba fulani kuna lori limeota majani mpaka kwenye matairi. Mwenyewe amefariki, au amekwenda Arabuni kutafuta, au pesa za spea zilimwishia. Watoto wacheza juu yake, kuku wataga ndani ya kebini. Watu wakipita wasema, "Lile limekufa." Si kweli kila mara. Mengi hayakufa, yamelala. Na mengi ya yale yaliyokufa kweli, yaliuawa siku ile mtu alipotaka kuyaamsha. Mimi ni mmoja wa wauaji hao, na nitaanza na hapo.

Lori la marehemu babangu

Babangu alikuwa na lori la Bedford, injini ya dizeli ya silinda 6. Alibeba nazi na mawe ya kujengea kutoka pande za Kilifi mpaka Mombasa, na lori hilo ndilo lililotulisha sote. Alifariki mwishoni mwa mwaka 1990. Lori likaegeshwa chini ya mwembe. Mirathi ikawa na maneno: huyu ataka liuzwe, yule ataka libaki. Watu wazima wakibishana, hakuna aliyekwenda hata kulitazama. Mtu mmoja aliazima kisafisha hewa asikirudishe, na njia ya kuingizia hewa ikabaki wazi kama mdomo wa mtungi. Masika matatu yakapita juu yake.

Mwaka 1994, katika mwezi wa Ramadhan, wazee wakakubaliana: lori liwe la mama, lifanye kazi, lilishe wadogo zangu. Nilikuwa na miaka 22. Nilitaka kabla ya Idd liwe barabarani. Nikaazima betri, nikapiga stata. Likatoa mlio mmoja, "tak!", basi. Nikapiga tena, "tak!" Nikasema stata imekufa. Sikuuliza mtu. Nikamwendea rafiki yangu mwenye lori, tukafunga kamba ya chuma mbele ya Bedford, nikatia gia ya pili, nikakanyaga klachi. Magharibi ilikuwa imekaribia, kila mtu ataka kwenda kufuturu. Nikampungia mkono, akavuta. Nikaachia klachi.

Magurudumu ya nyuma yakakataa kuzunguka. Yakaburutika mchangani. Mwenye akili angesimama hapo. Mimi nilipiga kelele, "Vuta! Vuta!" Likaenda hatua chache, kisha nikasikia mlio mmoja chini ya miguu yangu, "ta!", na oili nyeusi ikamwagika mchangani pamoja na maji. Maji ya mvua yalikuwa yamekaa ndani ya silinda. Konrodi ikapinda, ikakatika, ikatoboa bloki.

Bloki ikitoboka ubavuni, hapo ndipo neno "limekufa" lafaa. Lori la babangu liliuzwa kwa kilo, kama chuma chakavu. Mdogo wangu aliyekuwa kidato cha pili alikaa nyumbani mwaka mzima. Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, ungengoja kesho."

Baadaye fundi mmoja mzee alikuja kulitazama. Akatia kidole ndani ya lile tobo, akaniambia, "Kijana, injini hii ilikwambia. Ile 'tak' ilikuwa ni maneno. Wewe hukusikiza." Nikamwomba anifundishe kazi. Haya ninayowapa ni yale aliyonipa yeye, na niliyoyaona mwenyewe tangu hapo.

Swali moja kabla ya spana

Jiulize hivi: injini haizunguki kwa sababu haipati nguvu ya kuizungusha, au kwa sababu kuna kitu kinaishika? Hayo ni magonjwa mawili mbalimbali. La kwanza ni la umeme: betri, nyaya, swichi, stata. La pili ni la chuma na maji: kutu, valvu zilizoshika, maji ndani ya silinda. Ukivuta kwa kamba hujauliza swali hilo. Umelijibu kwa nguvu, na nguvu ya lori jingine ni kubwa kuliko konrodi yoyote.

Nitawapitisha hatua kwa hatua, na ili muelewe nitawapa mfano wa kazi moja. Mwaka 2022 niliitwa pande za Mariakani. Lori la silinda 6, limesimama tangu 2020 kazi zilipokatika wakati wa korona. Mzee mwenyewe alikuwa mgonjwa kitandani, na wanawe wawili walikuwa wameshaleta kamba. Nikawaambia, "Kamba hiyo kafungieni mbuzi. Nipeni wiki moja."

Kwanza: salama yako

Weka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu, kwa sababu breki za lori lililokaa si za kutegemea. Hakikisha gia iko nyutro, usiamini macho, shika ukatikise. Usiingie chini ya lori lililoshikwa na jeki peke yake. Na ule mtindo wa vijana wa kugusanisha stata kwa bisibisi, acheni. Ikiwa lori liko ndani ya gia, litaruka mbele na wewe uko baina ya magurudumu.

Vuta kijiti cha oili kabla ya jambo lolote. Oili ikiwa imepanda kupita alama, au ina rangi ya chai ya maziwa, kuna maji ndani. Hapo usipige stata hata mara moja. Ruka umeme, nenda moja kwa moja kwenye kutoa nozeli.

Pili: washa taa, kisha sikiza

Kama oili ni safi, washa taa kubwa za mbele. Mwambie mwenzako apige stata mara moja, sekunde mbili tu, wewe ukitazama taa na kusikiza.

Ikiwa ni kimya kabisa na taa zabaki na nguvu zao, umeme haufiki kwenye stata. Tazama swichi, waya mwembamba unaokwenda kwenye solenoidi, na fyuzi.

Ikiwa ni "tik-tik-tik-tik" ya haraka na taa zafifia, betri ni dhaifu au kuna kiungo kibovu.

Ikiwa ni "tak" moja nzito na taa zazama, stata yajaribu na yashindwa. Huenda stata yenyewe imeshika, huenda ni injini. Na ikiwa ni "tak" hiyo hiyo lakini taa hazikujali, huenda vile vishikio vya ndani ya solenoidi vimeungua.

Ikiwa stata yalia "wiii" yazunguka peke yake na injini imetulia, meno yake hayaendi kukamata flaiwili. Mara nyingi grisi yake imekauka, na dawa ni kuishusha, kuisafisha na kuipaka upya.

Mwaona? Sekunde mbili zimeshakuonyesha upande wa kwenda.

Tatu: betri na nyaya

Betri nzima ya volti 12 iliyojaa husoma karibu volti 12.6 ikiwa imepumzika. Ikisoma 12.2 imebaki karibu nusu. Chini ya 12 haina kitu. Malori mengi yana betri mbili zilizofuatanishwa kupata volti 24, basi pima kila moja peke yake, kwa sababu moja mbovu humvuta mwenziwe.

Jihadharini na betri iliyokaa miezi mingi bila chaji. Hiyo yaweza kuchajiwa usiku kucha, ikasoma 12.6 asubuhi, ukafurahi. Ukipiga stata yaanguka mpaka 8 au 7. Sahani zake zimeshaharibika ndani. Pima wakati stata inapigwa: ikishuka chini ya volti 9.5 hivi, usiitegemee. Na mkichaji, hewa inayotoka kwenye betri hulipuka, basi sigara na moto viwe mbali. Ukifungua, toa hasi kwanza, ukifunga rudisha hasi mwisho.

Taminali zenye unga mweupe na kijani zimwagie maji ya moto, usugue kwa brashi ya waya mpaka uone chuma king'aavyo. Halafu fuata waya wa athi, ule unaofunga betri na chasisi, na ule mwingine kutoka chasisi kwenda kwenye injini. Huku kwetu pwani, hewa ya chumvi huzila nyaya hizi ndani ya plastiki, nje waziona nzima. Kuna hila mbili rahisi. Piga stata sekunde tano, kisha guse viungo vya waya mnene: kinachochoma mkono ndicho kibovu. Na ya pili, chukua waya wa kuazimia moto, funga upande mmoja kwenye hasi ya betri na wa pili kwenye chuma cha injini. Stata ikiamka, ugonjwa ulikuwa athi.

Kule Mariakani betri zote mbili zilikuwa zimekwisha, tukaazima nyingine. Bado "tik-tik-tik". Tukaweka waya wa kuazimia kwenye injini, mlio ukageuka kuwa "tak" moja nzito. Vijana wakapiga makofi. Nikawaambia, "Ngojeni. Umeme umepona, sasa tumefika kwenye mlango wa pili." Ile ilikuwa "tak" ileile niliyoisikia 1994.

Nne: zungusha kwa mkono

Hapa ndipo penye kisa chote. Fungua betri, kisha shusha stata. Ukiishusha wapata faida mbili. Ya kwanza, kama meno yake ndiyo yaliyokwama kwenye flaiwili, sasa injini imeachiliwa. Ya pili, tundu lake lakuonyesha meno ya flaiwili, na hapo waweza kutia mtaimbo na kusukuma jino baada ya jino, mbele na nyuma. Njia nyingine ni spana kubwa kwenye nati ya pulei ya kranki, lakini hiyo zungusha upande wa kukaza tu, usije ukailegeza. Legeza na fani belti, kwa sababu pampu ya maji au oltaneta iliyoshika yaweza kuisumbua injini.

Injini nzima ya dizeli nayo ni nzito kwa mkono. Utaisikia yakataa, kisha yapita polepole kwa kupumua, kisha yakataa tena. Huo ni mgandamizo, ni afya. Ukiona haipiti hata unywele, imesimama kama ukuta, basi imeshikwa. Acha mtaimbo hapo hapo. Usiongeze bomba la mita mbili. Usimwite mwenzako mnene akusaidie.

Tano: toa nozeli

Nozeli zote, kila silinda. Safisha kwanza pembeni yake ili mchanga usiingie. Zipange kwa zamu yake, usizichanganye. Sasa hakuna mgandamizo, na kama kuna maji yana njia ya kutokea.

Elewa jambo hili: pistoni hubana hewa, haibani maji. Hewa hukubali kuminywa, maji hayakubali. Kikombe kimoja cha maji juu ya pistoni chatosha kupinda konrodi iliyobeba tani kwa miaka 20. Maji yale hutoka wapi? Mvua kupitia bomba la moshi lililotazama juu, au njia ya hewa iliyoachwa wazi, au gasketi ya hedi iliyochoka na maji ya rejeta yakavuja. Ukiyakuta, legeza na nati ya sampu polepole: maji ni mazito kuliko oili, hutangulia kutoka.

Pale Mariakani silinda ya nne ilikuwa na maji ya rangi ya kutu. Tuliyafyonza kwa sindano kubwa na mpira mwembamba. Yule kijana mkubwa aliyatazama ndani ya kopo, akatazama kamba yake, akanyamaza.

Sita: dawa na subira

Baada ya maji kutoka, injini ilikuwa bado imeshika. Hiyo sasa ni kutu. Injini ikisimama, popote isimamapo, kuna silinda ambayo valvu yake iko wazi. Hewa ya bahari yaingia, yakaa, na ringi za pistoni zaungana na ukuta wa silinda. Kutu hiyo mara nyingi ni nyembamba kama karatasi, lakini yashika.

Dawa yetu ni dizeli nusu na oili ya gia otomatiki, ile nyekundu, nusu. Mimina kila silinda kiasi cha kikombe cha kahawa, kile kidogo cha wauza kahawa wetu. Funika matundu kwa kitambaa safi, nenda zako. Kesho rudi, jaribu kwa mtaimbo mfupi wa mita moja, kwa mkono mmoja, mbele kidogo, nyuma kidogo. Haikukubali? Ongeza dawa, nenda zako. Fanya hivyo siku tatu, siku tano, hata wiki mbili.

Na wakati unangoja, fungua kava ya tapeti. Valvu nazo hushika kutu. Gonga kila moja kwa nyundo ya mbao, kwa upole, uone yashuka na yarudi. Iliyobaki chini itie oili kwenye shina lake uibembeleze. Pistoni ikipanda ikaikuta valvu haijarudi, itapinda valvu au fimbo yake.

Sisi tulingoja siku tano. Siku ya sita, injini ilisogea kiasi cha jino moja la flaiwili. Jino moja! Tukarudi nyuma, tukasogea mawili. Kufika Adhuhuri ilizunguka duara nzima. Mnajua furaha ya kitu kilichokataa wiki nzima kikakubali bila ya kuvunjika? Mzee alitoa mkono dirishani kutoka kitandani, akatupungia.

Nitawaambia ukweli lakini. Si kila injini huamka. Nyingine nimezingoja wiki tatu zikakataa, ikabidi hedi ifunguliwe. Hata hivyo si hasara ile ya kamba. Ringi zanunuliwa, pistoni yabadilishwa, silinda yatiwa silivu mpya. Bloki iliyotoboka yaenda kwenye mizani ya chuma chakavu.

Saba: usikimbilie ufunguo

Injini ikizunguka kwa mkono, vijana hutaka kuwasha papo hapo. Ngoja. Zungusha duara mbili kamili, nozeli zikiwa nje, usikie kama kuna mahali pagumu. Kisha mwaga oili ya zamani yote, tia mpya na filta mpya. Rudisha stata, piga sekunde chache nozeli zikiwa bado nje, ile dawa itarushwa juu kama chemchemi. Weka kitambaa juu, kaa mbali, pasiwe na moto wala uso wa mtu karibu.

Rudisha nozeli na washa mpya za shaba. Mwaga dizeli ya zamani kwenye tangi, utaona maji na uchafu chini. Badilisha filta, toa hewa kwenye njia ya dizeli. Halafu vuta kebo ya kuzimia injini, uishike hivyo, na upige stata sekunde 10, pumzika dakika moja au mbili, piga tena, mpaka mita ya oili ipande. Ndipo uachie kebo na kuwasha.

Mambo mawili ya hatari hapa. La kwanza, injini ya dizeli yenye mabaki ya oili ndani ya silinda yaweza kuwaka na kukimbia yenyewe, yapanda kasi wala haisikii kebo. Weka mtu na kipande cha ubao tayari kuziba njia ya hewa. Ubao, si mkono. La pili, dizeli inayotoka kwenye nozeli kwa kasi hupenya ngozi. Usitafute mvujo kwa kidole. Ikikupenya, hata kama ni tundu dogo kama la sindano na haliumi, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Siku ya nane lile lori lilitoa moshi mweupe, kisha mweusi, likakohoa, likaunguruma. Kuku wote walikimbia. Hatukuliendesha siku ile wala siku ya pili yake, kwa sababu breki zilikuwa bado, na tairi zilikuwa zimepasuka. Hesabu yote ilikuwa betri mbili, waya wa athi, oili, filta na washa za shaba. Ndani ya injini hatukununua hata ringi moja.

Likilala, lilaze vizuri

La mwisho ni la nyinyi wazazi. Gari likilazimika kusimama, lisiachwe tu. Toa betri uiweke ndani, uichaji kila mwezi. Acha kisafisha hewa mahali pake. Funika bomba la moshi kwa kopo, na uandike karatasi kwenye usukani kwamba kopo liko. Jaza tangi, kwa sababu tangi tupu hutoa jasho ndani. Ukiweza, liwashe mara moja kwa mwezi mpaka injini ipate moto sawasawa, nusu saa hivi, na ulisogeze mbele na nyuma. Dakika tano hazitoshi, zaongeza unyevu tu. Kama haliwezi kuwashwa, mtu alizungushe kwa mkono, duara mbili, kila mwezi.

Na ikiwa gari ni la mirathi, msingoje mpaka mkubaliane ndipo lipate mwangalizi. Mpeni mmoja wenu kazi hiyo tangu wiki ya kwanza, ijulikane kwamba kulitunza si kulimiliki. Lori la babangu lilikuwa la watu tisa, na kwa sababu lilikuwa la watu tisa halikuwa na hata mmoja wa kufunika njia ya hewa kwa gunia.

Nyinyi vijana, mwaka mmoja mtasimama mbele ya lori kama lile. Kutakuwa na mtu pembeni na kamba, na jua linazama, na kila mtu ana njaa. Atakwambia, "Funga tuvute, dakika mbili tu." Hapo toa mtaimbo wako, uzungushe kwa mkono kwanza. Kama haikubali, nenda kafuturu.

Lori litakungoja mpaka kesho. Limengoja miaka.

Wabillahi tawfiq.